Unga wa mlonge unaopita ukaguzi: mwongozo wa kanuni za uzalishaji bora kwa kiwanda kidogo

Maswali ninayoulizwa ni yale yale. Kwa nini unga wangu umegeuka kahawia? TFDA, ile Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Tanzania, wako wapi siku hizi? Je, nikifanyia kazi nyumbani nitapitishwa kweli? Na kubwa kuliko yote: nianzie wapi? Nimeona niyajibu mahali pamoja, hatua kwa hatua, kwa mtu anayetengeneza unga wa majani ya mlonge kati ya kilo 5 na 50 kwa wiki. Ukiwa Pwani ya Kenya huenda mti huo unauita mzunze. Kazi ni ile ile.

Kabla ya yote shika jambo hili, maana ndilo linalobeba mwongozo mzima: unga wa mlonge haupikwi. Mteja anaunyunyiza kwenye uji ulioshaiva, kwenye juisi, kwenye maziwa ya mtoto. Hakuna moto baada yako. Na kukausha hakuui vijidudu. Salmonela inaweza kukaa hai ndani ya unga mkavu kwa miezi, imelala tu, ikisubiri maji. Mwaka 2025 Marekani ilipata wagonjwa wa salmonela waliohusishwa na unga wa majani ya mlonge ulioagizwa kutoka nje. Uchafu ulioingia kabla ya kukausha unafika hadi kinywani kwa mteja. Ndiyo maana hatua ya 4, ya kuosha, nimeiandika kwa urefu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Vyumba viwili au kimoja kikubwa kilichogawanywa, sakafu ya saruji laini isiyo na nyufa, ukuta uliopakwa rangi inayooshwa, dari isiyomwaga vumbi, wavu wa mbu kwenye kila dirisha.
- Maji salama ya kunywa. Kama unatumia kisima, yapimwe kwanza.
- Ndoo au beseni tatu kubwa za kuoshea majani, zisizotumika kwa kazi nyingine yoyote. Ziandike "MAJANI" kwa rangi isiyofutika.
- Trei za kukaushia zenye wavu wa plastiki wa chakula au wa chuma kisichoshika kutu. Wavu wa kuku wenye kutu usiutumie.
- Mizani mbili: moja ya kilo kwa majani mabichi, nyingine ya gramu kwa pakiti. Zikaguliwe na Wakala wa Vipimo.
- Jiki isiyo na harufu wala rangi, spiriti ya asilimia 70, sabuni, glavu, barakoa, kofia za nywele, aproni.
- Mashine ya kusagia iliyo yako, hata ndogo, pamoja na chekeche na sumaku yenye nguvu.
- Mashine ya kubania mifuko kwa joto, na mifuko isiyopitisha mwanga.
- Daftari moja gumu na kalamu ya wino. Penseli hapana, kwa sababu inafutika.

Fedha zikiwa hazitoshi, anza na maji, trei na daftari. Kiyoyozi na meza za kung'aa vitakuja baadaye.

Hatua ya 1: Kazi iende upande mmoja

Chora ramani ya eneo lako kwenye karatasi. Majani machafu yaingie mlango huu, unga uliofungashwa utokee mlango ule, na visikutane njiani. Kama mlango ni mmoja tu, tenganisha kwa muda: asubuhi kuosha na kuanika, kisha usafi, kisha mchana kusaga na kufungasha. Kosa la kawaida ni kufungasha kwenye meza ile ile ambayo saa moja kabla ilichambuliwa majani yenye udongo. Taa ziwe na vifuniko, ili balbu ikipasuka vioo visianguke kwenye unga. Choo kisifungukie chumba cha kazi. Kuku, paka na watoto wadogo wasiingie kabisa. Hili la nyumbani linahitaji mlango wenye komeo, ahadi ya mdomo haitoshi.

Hatua ya 2: Watu kabla ya mashine

Kila anayegusa majani apimwe afya na awe na cheti. Kucha fupi, bila rangi. Pete, bangili na saa zivuliwe. Mikono ioshwe kwa sabuni anapoingia, akitoka chooni, akishika simu, akishika fedha. Simu ndiyo inayosahaulika. Mimi nimeweka kikapu mlangoni na simu zote zinabaki humo, yangu ikiwa ya kwanza.

Anayeharisha, anayetapika au mwenye kidonda kibichi mkononi asifanye kazi ya majani wala unga mpaka apone kabisa, na kama ni tumbo, aongeze siku mbili baada ya dalili kuisha. Hapa kuna ugumu wa kweli. Ukimlipa kibarua kwa siku, akiumwa atanyamaza ili asikose posho. Mpe kazi nyingine siku hiyo, kama kubandika lebo kwenye mifuko mitupu au kufagia nje, umlipe vilevile. Vinginevyo kanuni hii itabaki ukutani tu.

Hatua ya 3: Kuvuna na kuchambua

Vuna asubuhi na mapema, umande ukishakauka. Miti iliyo kando ya barabara kubwa, karibu na dampo au choo cha shimo, iache. Kama unanunua kwa wakulima, nenda ukaione miti yenyewe na uulize ni dawa gani ilipuliziwa na lini. Matawi yasilale chini. Tandika turubai safi.

Majani yasishindiliwe kwenye gunia. Ukitaka kujua kwa nini, ingiza mkono hadi katikati ya gunia lililokaa saa tatu juu ya bodaboda: utakuta joto kama la mtu mwenye homa. Majani hayo yameshaanza kuchacha, na rangi haitarudi hata ukaushe vizuri namna gani. Tumia matenga yenye matundu.

Pukuchua siku hiyo hiyo. Ondoa vikonyo, majani ya njano, yenye madoa na yaliyoliwa na wadudu. Kisha pima uzito wa majani safi yaliyopukuchuliwa na uuandike. Namba hiyo utaihitaji hatua ya 6.

Hatua ya 4: Maji matatu

Beseni la kwanza ni la maji safi, la kutoa vumbi na mchanga. Beseni la pili ni la maji yenye klorini. Beseni la tatu ni la maji ya kunywa, la kusuuza.

Kwenye la pili ndiko watu wanakokosea, kwa sababu wanamimina kwa kukadiria. Unataka klorini ya sehemu 100 kwa milioni. Soma asilimia kwenye chupa ya jiki, kisha piga hesabu hii:

Mililita za jiki = (100 × lita za maji) ÷ (asilimia ya jiki × 10)

Jiki ya asilimia 3.5 kwenye ndoo ya lita 20: 100 × 20 ni 2000, 3.5 × 10 ni 35. 2000 gawa kwa 35 ni mililita 57. Ni kama vijiko vinne vya chakula visivyojaa sana. Nunua kikombe chenye alama za mililita, usitegemee kifuniko cha chupa.

Zamisha majani dakika 3 hadi 5, ukiyageuza ili kila jani lilowe, kisha yasuuze beseni la tatu. Acha yachuruzike kwenye trei zilizoinama.

Tahadhari nne hapa, zote nimeziona kwa macho:

Klorini inaishiwa nguvu maji yakiwa na uchafu. Maji ya beseni la pili yakianza kuwa na rangi ya chai, yamwage utengeneze mengine, hata kama ndoo ni ya tatu asubuhi hiyo. Vijikaratasi vya kupimia klorini vinakuondolea ubishi.

Jiki ya zamani, au iliyokaa juani dukani, inakuwa dhaifu kuliko lebo inavyosema. Nunua chupa ndogo ndogo.

Jiki yenye harufu ya limau au maua si ya chakula.

Usichanganye jiki na siki, ndimu au dawa nyingine ya choo. Inatoa gesi inayoumiza mapafu.

Hatua ya 5: Kukausha kivulini

Jua la moja kwa moja linaua rangi ya kijani na kupunguza vitamini A, na hizo ndizo anazozifuata mnunuzi. Kausha ndani ya chumba chenye hewa inayopita, au kwenye kikaushio cha jua kilichofunikwa.

Tandaza kwa wembamba: chumbani, kilo 1 ya majani mabichi kwa mita moja ya mraba, isizidi. Trei ya mita 1 kwa 2 inabeba kilo 2 tu. Ni kidogo, najua. Ukiongeza, majani ya chini yanavunda wakati ya juu yamekauka. Geuza angalau mara moja kwa siku ukiwa na glavu safi. Majani yawe yamekauka kabisa ndani ya siku 4. Yakizidi hapo hayajakauka, una tatizo la hewa au la wingi. Usiyasubirie hadi siku ya saba kwa imani.

Kikaushio kinafupisha kazi hadi saa chache. Weka kipimajoto ndani na usivuke nyuzi 55.

Msimu wa masika una kanuni yake: vuna kidogo. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa na oda, mvua ikanyesha siku tano mfululizo, nami nikaanika kama kawaida. Kwa nje majani yalionekana sawa. Nilipoyainua yakatoa harufu ya godoro lililolowa. Nilimwaga yote shimoni na kumpigia mteja simu kwamba mzigo haupo.

Hatua ya 6: Mizani iamue kama yamekauka

Jani lililokauka linavunjika kwa mlio ukilifinya, halikunjiki. Lakini vidole vinadanganya siku za unyevu, kwa hiyo tumia uzito. Majani mabichi ya mlonge ni maji kwa zaidi ya robo tatu. Kilo 10 ulizoandika hatua ya 3 zinapaswa kurudi kwenye kilo 2 hadi 2.5 hivi. Ukipata kilo 3, bado kuna maji mengi ndani hata kama yanavunjika. Yarudishe kwenye trei.

Lengo ni unyevu chini ya asilimia 7.5 kwenye unga. Kipimo chenyewe utakipata maabara, ila mizani inakuzuia kupeleka aibu huko.

Hatua ya 7: Kusaga na kuchekecha

Usipeleke kwenye mashine ya kusaga mahindi ya mtaani. Nasema hivi nikijua wengi ndiko wanakoanzia. Mashine ile imesaga mahindi, muhogo na karanga. Mahindi na karanga vinaweza kubeba sumukuvu, na karanga peke yake inaweza kumdhuru mtu mwenye mzio nazo. Halafu kuna chuma. Nilichukua sumaku, nikaivisha mfuko safi wa plastiki, nikaipitisha taratibu kwenye unga uliotoka mashine ya namna hiyo. Ilitoka na ndevu nyeusi. Vumbi la chuma, laini kama wanja.

Mashine yako iwe ya chuma kisichoshika kutu. Pitisha sumaku kwenye kila toleo, yaani unga wa mavuno ya siku moja, na uandike ulichokuta, hata kama ni "hakuna". Chekecha, na makapi ya juu usiyarudishe kusagwa zaidi ya mara moja, kwa sababu yamebaki vikonyo.

Vaa barakoa, vumbi la mlonge linakereketa kifua. Acha unga upoe ndani ya chombo chenye mfuniko kabla ya kuufungasha. Ukifungashwa wa moto unatoa jasho ndani ya mfuko, na ukungu unaanzia hapo.

Kusafisha mashine: brashi kavu kwanza, kisha kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70 mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Usiimwagie maji. Maji yanayobaki kwenye kona za mashine, pamoja na unga kidogo, ni shamba la ukungu.

Hatua ya 8: Kufungasha na kutunza

Mifuko myeupe inayoonyesha unga inavutia dukani, lakini mwanga unaufubaza unga ndani ya wiki chache. Tumia ya foili au ya karatasi yenye foili ndani. Jaribu mshono: katika kila pakiti 50, chukua moja, izamishe kwenye maji, ibonyeze. Ukiona mapovu, ongeza joto la mashine na ukague zote zilizotangulia.

Hifadhi penye giza na ubaridi, juu ya vichanja, mbali na ukuta. Unga unadumu miezi 6 vizuri ukiwa chini ya nyuzi 24. Dar es Salaam au Mombasa chumba cha kawaida kinavuka hapo karibu mwaka mzima, kwa hiyo usijiandikie miaka miwili kwa sababu jirani ameandika hivyo.

Hatua ya 9: Lebo

Weka jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi, namna ya kutunza na kutumia.

Sasa lile dai ambalo wengi huliweka kwenye lebo, kwamba mlonge "unatibu magonjwa 300". Lifute. Ukiandika kwamba unga unatibu kisukari au presha, umejitoa kwenye chakula na kuingia kwenye dawa, na huko kuna usajili na ushahidi usio nao. Zaidi ya hapo, kuna mzee atakayeacha vidonge vyake kwa sababu ya maneno yako. Mteja akikuuliza, mwambie aendelee na dawa za hospitali na amweleze daktari kwamba anatumia mlonge. Unga uwe wa majani tu; mizizi na magome usichanganye, hasa kwa kuwa wajawazito nao ni wateja wako.

Hatua ya 10: Daftari

Kila toleo lina ukurasa wake. Toleo ni unga wa mavuno ya siku moja, uliokaushwa na kusagwa pamoja. Ukurasa wangu unaonekana hivi:

Toleo: ML-120625-1
Majani yametoka: shamba la 2, mkulima A, kilo 18 mabichi yaliyopukuchuliwa
Klorini: lita 20, mililita 57, maji yamebadilishwa mara 2
Kuanika: 12/6 saa 5 asubuhi. Kutoa: 15/6 saa 9 alasiri
Uzito mkavu: kilo 4.1
Sumaku: hakuna kitu
Pakiti: 38 za gramu 100. Akiba: 1
Waliofanya kazi: sahihi mbili
Zimekwenda: duka la 1, pakiti 20; duka la 3, pakiti 17

Hesabu zijumlishwe: 20 na 17 na akiba 1 ni 38. Gramu 300 zilizobaki kutoka kilo 4.1 ni vikonyo vya kwenye chekeche na vumbi, ziandike pia. Zikipotea kilo nzima bila maelezo, tafuta.

Pakiti ya akiba itunze hadi ipite tarehe ya mwisho wa matumizi. Siku mteja akilalamika, utakuwa na cha kufungua na kulinganisha.

Jambo andika linapotokea. Daftari lililojazwa Jumamosi kwa kumbukumbu, wino mmoja, mwandiko mmoja, mkaguzi analijua kwa kulitazama mara moja.

Kila baada ya miezi mitatu fanya zoezi hili: nunua pakiti yako mwenyewe dukani, soma namba ya toleo, angalia kama ndani ya saa moja unaweza kusema majani yalitoka shamba gani na pakiti zilizobaki ziko wapi. Ukishindwa, siku ya shida hutaweza kuzirudisha.

Hatua ya 11: Mamlaka

Tanzania, usalama wa chakula ulihamishwa mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA kwenda TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Dawa zikabaki kwa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Kwa hiyo unga wa mlonge kama chakula ni TBS. Anzia ofisi ya SIDO (shirika la serikali la viwanda vidogo) ya mkoa wako, ambao wanawalea wajasiriamali wadogo na kuwaunganisha na TBS. Kenya, ni KEBS (shirika la viwango la Kenya) pamoja na maofisa wa afya wa kaunti. Wakaguzi utawasikia wakitaja GMP, yaani kanuni za uzalishaji bora. Ndiyo haya haya uliyoyasoma hapa.

Maabara waombe wapime salmonela, E. koli, ukungu na hamira, unyevu, mchanga na metali nzito. Usichague pakiti nzuri ya kupeleka. Chukua yoyote.

Mambo yakiharibika

*Unga umekuwa kahawia au njano.* Umegeuka kabla ya kufungashwa? Basi ni gunia lililopata joto, jua au tabaka nene. Umegeuka dukani? Ni mfuko unaopitisha mwanga, au rafu iliyo dirishani.

*Unga una mabonge.* Ni unyevu. Fungua akiba ya toleo hilo: nayo ikiwa na mabonge, hukukausha vya kutosha, ikiwa safi, ni mshono au mahali dukani. Yenye harufu ya ukungu tupa, usianike upya.

*Una mchanga mdomoni.* Beseni la kwanza halibadilishwi mara kwa mara. Ongeza beseni jingine la maji safi kabla ya klorini.

*Una harufu ya klorini.* Kipimo kilizidi au kusuuza kulikuwa kwa haraka. Hesabu upya.

*Wadudu ndani ya pakiti.* Angalia wavu wa madirisha na mabaki ndani ya mashine. Simamisha kusaga hadi umalize usafi.

*Maabara wamekuta salmonela.* Usiuze hata pakiti moja ya toleo hilo, na zilizokwisha kutoka zirudishe siku hiyo hiyo kwa kutumia daftari. Kisha wajulishe TBS au KEBS. Usijaribu kuuchemsha au kuuanika juani ukauze tena. Pima maji ya kisima, kagua afya ya wafanyakazi, osha trei zote kwa klorini ya sehemu 200 kwa milioni, yaani mililita 114 za jiki ya asilimia 3.5 kwa lita 20, kisha tengeneza toleo dogo la majaribio na ulipeleke kupimwa kabla ya kurudi sokoni.

*Mteja amesema tumbo limemsumbua.* Muulize alikula kiasi gani. Wapya wengi wanaanza na vijiko vitatu vilivyojaa siku ya kwanza, wakati kijiko kimoja cha chai kinatosha kuanzia. Hata hivyo chukua namba ya toleo, andika malalamiko yake kwenye ukurasa wa toleo hilo, na ufungue akiba. Wakija wawili wa toleo moja, lisimamishe.